Kutoka kiwanja cha ndege cha Luano mpaka mjini Lubumbashi: mambo mgeni anapaswa kujua

Kiwanja cha ndege cha Luano kiko kaskazini-mashariki ya mji wa Lubumbashi, upande wa komini ya Ruashi. Kutoka pale mpaka katikati ya mji ni safari fupi, karibu kilomita kumi hivi. Lakini kwa mtu anayeshuka mara ya kwanza, mwenye kuchoka, mwenye mabegi na watoto, kilomita hizo kumi zinaweza kumaliza pesa aliyoweka kwa chakula cha wiki nzima. Na akikosa bahati, anaweza kupoteza na begi ao karatasi zake.

Wakaaji wengi wa majimbo ya mashariki hawakuwa na sababu ya kuijua Luano. Mtu wa Goma ao wa Bukavu alipanda ndege kwake, akashuka Kinshasa, basi. Mwaka 2025 mambo yalibadilika. Mwezi wa kwanza vita vilifunga kiwanja cha ndege cha Goma, na mwezi wa pili kile cha Kavumu, karibu na Bukavu, kikafuata. Watu wa Kivu wenye kutaka kufika Lubumbashi wakaanza kuzunguka kwa Kigali, Bujumbura, Entebbe, Nairobi ao Addis-Abeba: mwanafunzi anayeenda Université de Lubumbashi, mgonjwa anayefuata daktari, mchuuzi anayeelekea Kasumbalesa, familia inayokimbilia kwa ndugu. Mtu anatoka inchi yake, anapita inchi ya wengine, kiisha anarudi tena inchini mwake kupitia mlango wa wageni. Na akifika, ni mgeni kweli: hajui barabara, hajui bei, na akifungua kinywa tu watu wanajua anatoka mbali.

Ukurasa huu unakusanya mambo ya kujua, kutoka siku ya kununua tikiti mpaka kufika kwenye mlango wa mwenyeji wako.

Mji umekaa namna gani

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ikapata jina la leo mwaka 1966. Ina komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Shika hayo majina saba mbele ya kusafiri, juu njo dereva atakuuliza kwanza: "Komini gani?"

Majina mawili yanachanganya wageni. La kwanza ni Lubumbashi yenyewe: ni jina la mji mzima, na pia ni jina la komini moja, ile yenye katikati ya mji. Ukimwambia dereva "naenda Lubumbashi" wakati tayari uko Lubumbashi, hajui unataka nini. Katikati ya mji wenyeji wanapaita kwa Kifaransa, "ville": "minaenda mu ville." La pili ni Kenya. Mtu wa Lubumbashi akisema anakaa Kenya, ao soko liko Kenya, hazungumzii Nairobi. Anazungumzia komini ya Kenya, yenye soko kubwa na watu wengi.

Kwa kujua unaelekea wapi, tafuta bomba refu la moshi la Gécamines na ule mlima mweusi wa takataka za shaba ulio kando yake. Vyote viwili viko upande mwingine wa mji kuangalia kutoka Luano, kusini-magharibi ya katikati. Kwa hiyo, ukitoka kiwanja cha ndege unakutana kwanza na upande wa Ruashi, kiisha Kampemba, kiisha katikati ya mji, na bomba liko mbele yako. Ukiona gari inaenda muda mrefu na nyumba zinapungua, uliza.

Katikati ya mji kuna fasi ambazo kila dereva anazijua: Place de la Poste, stesheni ya treni ya SNCC, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, Bâtiment du 30 Juin, hospitali Jason Sendwe. Hata kama hauendi pale, zinasaidia kueleza: "ni nyuma ya", "ni mbele ya kufika".

Mbele ya kupanda ndege

Kwanza, anwani. Usisafiri na jina la mwenyeji na namba ya simu tu. Simu inaweza kuzima, reso inaweza kukosa. Mwombe mwenyeji akuandikie mambo manne: komini, kartie, aveni na namba ya nyumba, pamoja na fasi moja ya kujulikana iliyo karibu, kama kanisa, shule, soko ao kituo cha afya. Aveni peke yake haitoshi, juu zingine zilibadilishwa majina na wazee wanaendelea kuita jina la zamani. Andika hayo kwenye karatasi, uweke mfukoni, si ndani ya begi kubwa.

Pili, bei ya siku. Muulize mwenyeji: leo, taksi kutoka Luano mpaka kwako ni franka ngapi mchana, na ngapi usiku? Bei ya mafuta inapanda na kushuka, dola nayo vilevile, kwa hiyo bei ya mwaka jana haikusaidii. Uliza watu wawili kama unaweza. Mtu mwenye kujua bei ya kweli hasumbuliwi sana.

Tatu, pesa ndogo. Dereva wa taksi mara mingi atakwambia hana chenji, na ukimpa noti ya dola 20 ao 50 bei itajipanga kufuatana na noti yako. Safiri na franka za kutosha kwa safari ya kwanza, katika noti ndogo-ndogo. Kwa dola, chagua noti safi: yenye kupasuka hata kidogo kwenye ncha, ao yenye kuandikwa, watu wa Kongo wanaikataa popote. Pesa ya taksi ikae mfuko wake, ile nyingine ikae mbali, ili usifungue pesa yote mbele ya watu.

Inne, herufi tatu. Kila kiwanja cha ndege kina herufi tatu zinazoandikwa kwenye tikiti na kwenye karatasi wanayofunga kwenye begi. Luano ni FBM. Kinshasa N'djili ni FIH, Goma ni GOM, Kavumu ni BKY, Kalemie ni FMI, Kindu ni KND, Bunia ni BUX. Kigali ni KGL, Bujumbura ni BJM, Entebbe ni EBB, Nairobi ni NBO, Addis-Abeba ni ADD. Wakati wanapima begi lako, angalia kama wameandika FBM. Kama wameandika herufi za kiwanja cha katikati ya safari, begi litabaki pale, ao utapaswa kulichukua na kulipeleka tena mwenyewe. Uliza palepale, juu kiisha ndege kuruka ni vigumu kurekebisha.

Tano, saa. Lubumbashi ina saa moja na Goma, Bukavu, Kalemie, Kigali na Bujumbura. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Nairobi, Entebbe na Addis-Abeba ziko mbele kwa saa moja. Saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tikiti ni saa ya Lubumbashi. Mwambie mwenyeji wako hiyo, asikungoje saa moja bure, wala asichelewe.

Ndani ya kiwanja

Kuna huduma za serikali zenye haki ya kukuuliza, na kila moja ina kazi yake. DGM inaangalia pasipoti, viza na kuingia inchini. Huduma ya afya ya mipakani inaangalia kitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano. DGDA ni watu wa forodha, wanaangalia bidhaa. RVA njo wenye kusimamia kiwanja chenyewe.

Juu ya kitabu cha manjano, jua jambo moja. Tangu tarehe 11 mwezi wa saba 2016, kufuatana na sheria za afya za kimataifa, chanjo moja ya homa ya manjano inatosha kwa maisha yote. Hata kwa vitabu vya zamani vilivyoandikwa miaka kumi, haipaswi mtu kukuambia "imekwisha, lipa." Jibu kwa heshima, onyesha tarehe ya chanjo, na kama anaendelea, omba kuongea na mkubwa wake. Lakini kama hauna kitabu kabisa, hapo makosa ni yako. Pata chanjo mbele ya safari, siku kumi ao zaidi, juu cheti kinaanza kuhesabika siku ya kumi kiisha chanjo.

Mtu anayetoka Kivu anaweza kuulizwa maswali kuliko wengine: unatoka wapi, unaenda kwa nani, unakuja kufanya nini, utarudi siku gani. Katika wakati wa vita hiyo haishangazi, hata kama inachosha. Jibu kwa ufupi na kwa kweli. Onyesha ile karatasi yenye anwani ya mwenyeji. Mwanafunzi aonyeshe barua ya chuo, mgonjwa aonyeshe karatasi ya daktari. Usieleze mambo ya vita ambayo hakuna aliyekuuliza, na usifanye mzaha juu ya jina la kundi lolote. Wala usipige picha ndani ya kiwanja: inaweza kukuletea matatizo na watu wa usalama.

Malipo yote ya serikali yana risiti. Hilo njo neno la kukumbuka. Mtu akikuomba pesa, uliza kwa sauti ya kawaida: "Ni ya huduma gani, papa? Risiti iko?" Mara mingi swali hilo peke yake linatosha.

Watu wa "protokole" na wabeba mizigo

Kabla hata ya kufika kwenye mabegi, unaweza kukutana na kijana mwenye kuvaa vizuri anayekuita "mukubwa" ao "yaya", anataka kushika pasipoti yako ili "akuharakishie." Katika viwanja vya inchi yetu wanawaita watu wa protokole. Wengine wanatumwa kweli na makampuni kupokea wageni wao, na hao wanashika karatasi yenye jina la mgeni. Wengine wanajitafutia maisha tu. Si lazima wawe watu wabaya, lakini kazi yao si bure, na bei wanaisema mwishoni.

Kanuni ni nyepesi: pasipoti yako inatoka mkononi mwako na kuingia mkononi mwa afisa aliye mezani, kiisha inarudi kwako. Haipiti kwa mtu wa tatu. Kama hauhitaji msaada, sema: "Aksanti ndugu, niko na mtu ananingoja inje." Sema hivyo hata kama hakuna mtu anayekungoja.

Kwa mabegi, tunza ile karatasi ndogo waliyobandika kwenye tikiti yako. Mlangoni wanaweza kulinganisha namba yake na ile ya begi. Mbeba mizigo akishika begi lako, jua umekubali kazi yake. Patana bei mbele, ao ushike mwenyewe. Mama mwenye watoto na mabegi matatu ni vizuri achukue mtu mmoja, kwa bei ya kupatana, kuliko wanne wanaokimbia na mabegi kila mmoja upande wake.

Begi likikosa, usiondoke. Nenda kwa kampuni ya ndege palepale, waandike taarifa, wakupe karatasi yenye namba. Ukitoka bila karatasi hiyo, kesho utaanza kuhesabu upya na watu wasiokujua.

Njia za kufika mjini

Ya kwanza na iliyo nzuri kupita zote: mwenyeji anakuja kukuchukua. Kama hana gari, aje na dereva anayemjua. Hata akilipa kidogo zaidi ya bei ya kawaida, unapata mtu mwenye kujibu kwa ajili yako. Patana naye fasi ya kukutana, juu kwenye mlango kuna vurugu, na rangi ya nguo utakayovaa.

Ya pili ni taksi ya peke yako, ile wanaita ekspresi. Unalipa gari nzima, inakupeleka mpaka mlangoni. Ni ya bei kuliko zingine, lakini kwa mgeni mwenye mizigo njo ya akili. Swali la lazima: "Ni bei ya gari nzima ao ya plasi moja?" Wengi waligombana na madereva kwa sababu ya neno hilo tu. Uliza pia kama mabegi yamo ndani ya bei.

Ya tatu ni taksi-bisi, zile gari ndogo za abiria. Kati ya Ruashi na katikati ya mji, huo njo usafiri wa kila siku wa wakaaji, na bei yake ni ya chini kabisa. Lakini hauipati mlangoni pa kiwanja. Unapaswa kwenda mpaka barabara, na begi kubwa linaweza kulipiwa plasi yake. Konvwayeri anaita mwisho wa safari kwa sauti. Kama haukusikia vizuri, uliza abiria, si konvwayeri. Inafaa mtu mwenye begi moja, mchana, asiye na haraka. Na inakufikisha mjini tu, si kwa mwenyeji: pale utapanda nyingine kwenda Katuba, Kenya ao Kamalondo.

Ya inne ni motari. Kwa mtu wa Bukavu ao Butembo, pikipiki ni kitu cha nyumbani, na mawazo ya kwanza ni kuita motari. Kwa safari hii, ufikiri mara mbili. Upande wa Ruashi kuna migodi ya shaba na kobalti, na malori yake ni mazito. Begi kubwa juu ya pikipiki katikati ya malori ni hatari, na mgeni hajui wapi motari wanaruhusiwa kupita na wapi wanakamatwa. Weka motari kwa safari fupi, mchana, kiisha kupumzika na kuweka mizigo.

Kuzungumza bei

Madereva wa Lubumbashi ni watu wa maneno mazuri. Usianze na hasira, wala usionyeshe kwamba haujui kitu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Mama, taksi? Unaenda wapi?
— Jambo papa. Naenda Kampemba, Bel-Air. Ekspresi ni franka ngapi?
— Sema weye, mama.
— Hapana papa, weye njo unajua barabara. Sema bei ya mwisho, na mabegi mawili ndani.

Dereva akisema "sema weye", anataka kujua kama unajua bei. Kama mwenyeji alikupa bei ya siku, sema chini yake kidogo, mkutane katikati. Kama hauijui, uliza dereva wa pili na wa tatu mbele ya kukubali. Usimfuate mtu mpaka garini kabla ya bei kukubaliwa, na usimwache aweke begi ndani ya gari kabla ya bei. Begi likiisha kuingia, nguvu ya kupatana imekwisha.

Bei mara mingi inasemwa kwa Kifaransa, na hapo kuna mtego. "Deux mille" ni elfu mbili, "douze mille" ni elfu kumi na mbili. Katika kelele ya mlangoni masikio yanasikia kitu kimoja. Andika namba kwenye simu, umuonyeshe, aseme ndiyo. Uliza pia kama ni franka ao dola, juu "kumi" ya dereva inaweza kuwa dola na "kumi" yako ni elfu za franka.

Kiswahili chako kitasikilika vizuri, hata kama si cha pale. Utawasikia wakisema "bantu" na "bintu", "kuya" badala ya njoo. Usijaribu kuiga ili wasikujue. Sema Kiswahili chako polepole. Mzee muite papa, mama wa makamo muite mama, kijana anayekuzidi kidogo muite yaya. Heshima inafungua milango kuliko kujifanya mwenyeji.

Ukifika usiku

Ndege zinachelewa. Tikiti ikisema utafika saa tisa za mchana, panga safari yako kama vile unaweza kufika usiku. Mwezi wa sita jua la Lubumbashi linatua mbele ya saa kumi na mbili za jioni, kwa hiyo kuchelewa kwa saa chache tu kunaweza kukutia gizani. Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi ya kweli, juu mji uko kwenye mita karibu 1 200 za urefu. Mtu wa Uvira ao Kalemie akumbuke koti na nguo za joto za watoto.

Usiku, mambo haya ni ya lazima:

Usipande taksi yenye watu wengine ndani, hata kama dereva anasema ni ndugu zake ama abiria wa njia moja. Ekspresi ni weye na dereva.

Soma namba ya gari, uitume kwa mwenyeji kwa ujumbe mbele ya kuondoka. Kiisha mpigie, useme kwa sauti ili dereva asikie: "Nimepanda, namba ya gari nimekutumia, tuko njiani."

Kaa nyuma. Simu na mfuko wa mkono vikae chini ya miguu, si juu ya magoti karibu na dirisha.

Dereva akitaka kusimama kuchukua mtu, kataa. Akilazimisha, mwambie akushushe fasi yenye mwangaza na watu, kama stesheni ya mafuta.

Kwenye kizuizi cha polisi, kaa mtulivu, onyesha kitambulisho. Kama kosa ni la dereva ao la gari, hiyo si deni lako.

Na kama hakuna aliyekuja, na hakuna gari inayokupa amani, usione haya kubaki ndani ya kiwanja kati ya watu kwa muda ambao wanakuruhusu, ao kuomba msafiri mwenzako, familia ama mama mmoja, kama gari yao inaelekea upande wako. Watu waliotoka pamoja ndani ya ndege wanaweza kuchangia ekspresi moja. Ni vizuri kuzungumza hayo mbele ya kutua.

Kama unaenda Ruashi, si mjini

Wengi wanafikiri lazima ufike kwanza katikati ya mji, kiisha urudi. Kwa Ruashi ni kinyume: Ruashi iko upande wa kiwanja. Ukikubali kupelekwa mjini na kurudishwa, umelipa njia mara mbili. Mwambie dereva tangu mwanzo: "Ni Ruashi, si mu ville," na utaje kartie, kwa mfano Matoleo ao Kalukuluku. Bei yako inapaswa kuwa chini ya ile ya mjini.

Ruashi ni komini kubwa, na mgodi wa Ruashi uko palepale karibu na nyumba za watu. Kuna barabara za udongo zenye vumbi wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua, kutoka karibu mwezi wa kumi na moja mpaka wa inne, dereva anaweza kukataa kuingia ndani ya kartie. Mpatane juu ya hilo mbele: atakufikisha mlangoni ao kwenye barabara kubwa? Kama ni barabara kubwa, mwenyeji akuje kukupokea pale.

Kama unapitia inchi ya jirani

Mtu wa Kivu anayezunguka anapaswa kujua pia kiwanja anachoanzia, juu shida zinaweza kuanza kule.

Kigali: kiwanja kiko Kanombe, ndani ya mji, karibu kilomita kumi na katikati. Mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu 2008. Mzigo uliofungwa ndani ya sashe utafunguliwa. Funga vitu katika begi ao mfuko wa nguo.

Bujumbura: kiwanja cha Melchior Ndadaye kiko inje kidogo ya mji, kaskazini. Kwa mtu wa Uvira njo kilicho karibu kupita vyote, lakini uliza mbele kama mpaka uko wazi na unafungwa saa ngapi.

Entebbe: jua kwamba Entebbe si Kampala. Kati yao kuna kilomita karibu 40, na msongamano wa magari unaweza kukula saa mbili. Kuna barabara ya haraka iliyofunguliwa mwaka 2018, nayo inalipiwa. Uliza kama malipo hayo yamo ndani ya bei ya taksi. Ukilala Kampala na ndege yako ni ya asubuhi, toka mapema sana.

Nairobi: kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko Embakasi, karibu kilomita 18 na katikati. Kule na Kampala watu wanatumia programu za simu kama Uber na Bolt: bei inaonekana mbele ya kupanda, na namba ya gari pia. Kwa mgeni ni kinga nzuri, lakini unahitaji intaneti.

Addis-Abeba: kiwanja cha Bole kiko ndani ya mji. Wengi wanabadilisha ndege tu bila kutoka. Kaa karibu na mlango ulioandikwa kwenye tikiti yako, na uuangalie tena kwenye kioo, juu unaweza kubadilishwa.

Siku ya kurudi

Ukiondoka Luano kuna Go-Pass, malipo ya kujenga viwanja vya ndege yaliyoanzishwa mwaka 2009. Mwanzoni ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani ya inchi na dola 50 kwa safari ya inje. Uliza bei ya siku mbele ya kutoka nyumbani, na muulize muuza tikiti kama imo tayari ndani ya bei. Familia ya watu watano iliyosahau Go-Pass inaweza kukwama mlangoni na tikiti mkononi.

Kwa ufupi

Mbele ya safari: anwani ya mambo manne kwenye karatasi, bei ya siku, franka ndogo-ndogo, kitabu cha manjano, namba mbili za simu za wenyeji.

Kiwanjani: herufi FBM kwenye begi, pasipoti mkononi mwako, risiti kwa kila malipo, karatasi ya begi mfukoni.

Mlangoni: bei kwanza, begi baadaye. Gari nzima ao plasi? Franka ao dola? Mlangoni ao barabara kubwa?

Njiani: namba ya gari kwa mwenyeji, weye nyuma, hakuna mtu mwingine ndani.

Na weye uliye mwenyeji Lubumbashi, uliyeambiwa kwamba ndugu anakuja kutoka Kivu: usimwambie tu "ukifika upige simu." Mtumie anwani na bei leo, na siku yenyewe fika Luano mbele ya ndege kutua.